Alhamisi ya Marejesho



Sisi tunaoandika makala haya ni mume na mke, na tumekubaliana kuyaandika kwa kalamu moja ili asiwepo kati yetu atakayeonekana mwenye haki na mwingine mwenye makosa. Mume ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Handeni. Mke ni fundi cherehani mjini Korogwe, anakoishi na watoto wetu watatu pamoja na mama mzaa mume, mwanamke wa Kizigua aliyevuka umri wa miaka sabini, ambaye kila mwezi hana budi kuhudhuria kliniki ya shinikizo la damu. Baina ya nyumba hizo mbili kuna kilomita 65 za lami. Kwa miaka minne mume amekuwa akizipita Ijumaa jioni kuja na Jumapili alasiri kurudi, na katika hiyo minne upo mwaka mzima ambao hatukuambiana ukweli.

Alhamisi ilikuwa siku ya marejesho. Wasomaji wa ukurasa huu, hasa akina mama, hawahitaji kufafanuliwa neno hilo, wala jina ambalo mitaa imeipa mikopo ya aina hiyo: kausha damu. Mkopaji hujaza fomu, huleta wadhamini, huorodhesha vitu vya ndani kuanzia godoro hadi cherehani, hukatwa fedha ya fomu na ya akiba ya lazima kabla hajaishika fedha yenyewe, kisha kila juma, siku ile ile na saa ile ile, hutakiwa kuleta fungu lake. Asipofika, afisa mikopo humfuata nyumbani kwa pikipiki. Ikawa mke, ambaye cherehani yake iko barazani, anajua kwa sikio pikipiki ipi inapita na ipi inapunguza mwendo. Korogwe ni mji wa njia kuu, na bodaboda hazikatiki mchana wala usiku. Kila iliyopunguza mwendo ilimkata pumzi. Aliyeteremka angeweza kuwa mteja mwenye suruali ya kupunguza, au muuza samaki, au jirani tu. Moyo haukungoja macho yatazame. Ikafika hatua mguu ukaacha kukanyaga cherehani wenyewe, kabla mwenye mguu hajafikiri lolote.

Baadaye, tulipoanza kutafuta maarifa ya jambo hili, tulisoma kwamba yaliyompata si uoga wala udhaifu wa imani, bali ni utaratibu ambao Mwenyezi Mungu ameuweka katika miili ya viumbe. Mwaka 1915 mtaalamu wa Marekani aitwaye Walter Cannon alieleza namna mwili wa mnyama aliyetishwa unavyojiandaa ama kupigana ama kukimbia: tezi zilizo juu ya figo humwaga kemikali iitwayo adrenalini, moyo huenda mbio, damu huelekea kwenye misuli, na tumbo huacha kazi yake kwa muda. Mwaka 1936 daktari mwingine, Hans Selye, aliyekuwa Montreal nchini Kanada, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature kuhusu panya wake. Aliwatia baridini, wengine akawajeruhi, wengine akawachosha kupita kiasi. Mateso yalikuwa mbalimbali, lakini ndani ya miili yao aliyakuta yale yale, zikiwemo tezi za juu ya figo zilizovimba na vidonda katika matumbo. Paa akimkimbia simba akasalimika, baada ya muda hurudi kula majani, na mwili wake nao hurudi katika hali yake. Sisi simba wetu alikuwa na kalenda. Alikuwa akirudi Alhamisi ijayo.

Kiswahili nacho kimekuwa na hekima katika kulipa jambo hili jina. Msongo umetoka katika kusonga, na kila aliyesonga ugali wa watu wengi anajua kwamba mwanzoni mwiko huzunguka kwa wepesi, na kadiri unga unavyoongezwa ndivyo mkono unavyozidi kukaza, mpaka ikafika mahali sufuria inazunguka pamoja na mwiko.

Unga wa kwanza uliingia Januari. Vuli lililotangulia lilikuwa limekauka Handeni, na mahindi yetu katika ekari tatu yaliungua kabla ya kubeba. Kwa hiyo chakula ambacho tumezoea kukitoa shambani ikatulazimu kukinunua. Mwezi huo huo watoto wawili walikuwa wakienda shule mpya, na mama dawa zake zilibadilishwa. Mke akaona fursa katika sare za shule. Alikopa shilingi 300,000 kununua vitambaa, akapewa mkononi 265,000, na akatakiwa kurejesha 30,000 kila juma kwa majuma kumi na matatu. Hesabu ya jumla, yaani 390,000, hakuifanya siku ile. Sare zilishonwa, zikapendeza, zikavaliwa; lakini wazazi wengi walizichukua kwa ahadi, kwa sababu nao mahindi yao yaliungua jua lile lile. Marejesho hayakuwa na ahadi. Akamaliza mkopo ule kwa kukopa kwingine, na huko akamalizia kwa kurudi kule kule, na mwisho akapakua programu ya mikopo katika simu, ambayo haikumwuliza mdhamini wala godoro, ilimwomba tu ruhusa ya kuyafikia majina yaliyomo simuni mwake.

Kwa nini hakumwambia mume? Tumelijadili swali hili mara nyingi, na jibu lililobaki baada ya majibu mengine kupepetwa ni mawili. La kwanza ni huruma: alimwona mumewe amekonda. La pili ni aibu ya riba. Alikuwa mwanafunzi wa darsa la akina mama kila Jumamosi baada ya Alasiri, na mada ya riba ilipofika alijiona kama mtu aliyeketi darsani na nguo yenye najisi. Juma lililofuata alisema anaumwa kichwa. Lililofuata alisema ana kazi nyingi. Hatimaye wenzake wakaacha kumpitia. Tunaomba msomaji aliangalie jambo hili kwa makini, kwa sababu sisi tulilielewa tukiwa tumechelewa: mtu aliyeelemewa huanza kuyakimbia yale yale ambayo yangemshika mkono.

Na mume naye alikuwa amekonda kwa sababu. Alichukua mkopo wa benki wa shilingi 2,400,000 unaokatwa katika mshahara kwa miaka mitatu, akamnunulia mdogo wake pikipiki ya biashara, kwa mapatano kwamba mdogo atarejesha 100,000 kila mwezi. Mdogo alileta miezi mitatu. Mke alipouliza mbona fedha ya matumizi imepungua, alijibiwa kwamba yamekuja makato mapya. Ulikuwa uongo, na tunauita kwa jina lake. Huko Handeni mwalimu alikuwa akila mlo mmoja na kuwaambia walimu wenzake kwamba amefunga sunna. Wakati mwingine ilikuwa kweli, wakati mwingine aliitia nia saa nne asubuhi baada ya kuona hakuna kitu.

Miili yetu ilisema kabla ya ndimi zetu. Mke alikwenda kupima mara tatu katika miezi mitano: kichwa, tumbo kuwaka, viungo kulegea. Alipimwa malaria, akapimwa taifodi, akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Dawa zilimtuliza siku za Jumapili hadi Jumanne. Mume, siku wahudumu wa afya walipofika shuleni kuwapima watumishi, alikutwa na shinikizo la 168 kwa 104. Muuguzi, binti wa umri wa kuwa mwanafunzi wake wa zamani, alirudia kipimo mara mbili kisha akamwuliza kwa adabu, "Mwalimu, shikamoo tena. Usiku unalala?" Mwalimu alijibu kwamba analala vizuri, alhamdulillah.

Hali hiyo ilikoma siku ya Alhamisi mwezi wa Novemba. Ile programu ya simu, mke alipochelewa siku nne, ilituma ujumbe kwa majina mengi yaliyokuwemo simuni mwake, kwamba mtu huyu ni mdaiwa sugu na anayemfahamu amwambie alipe. Miongoni mwa waliopokea alikuwamo ustadhi wa watoto, mteja wa madera, na yule mdogo mwenye pikipiki. Mdogo akampigia kaka yake: "Kaka, shikamoo. Mbona shemeji anatangazwa?" Mwalimu aliomba ruhusa, akapanda gari la saa tisa, na anasema hakumbuki kitu chochote cha njia ile mpaka alipoteremka stendi ya Korogwe.

Alifika nyumbani Magharibi imekwisha kuadhiniwa. Tuliswali, watoto wakala, wakalala. Kisha tukakaa mkekani tukiwa kimya kwa muda ambao hatukuupima. Mume alikuja akiwa amejipanga kukemea. Lakini alipoanza, alikuta kwamba kila neno alilotaka kumwambia mkewe, kwamba umenificha, kwamba umeniaibisha, kwamba hukuniamini, linamrudia yeye mwenyewe. Basi badala yake akataja ile pikipiki ya mdogo wake na yale makato. Mke akacheka, kicheko kibaya, kisha akalia. Kutoka nyuma ya pazia sauti ya mama ikasema, "Semeni kwa sauti, wanangu, nisikie vizuri. Nusu nimekwisha kuisikia miezi yote hii."

Mama alikuwa anajua. Alizisikia pikipiki zile zile. Alikuwa akijua Alhamisi kwa namna mkwewe anavyomwaga chai.

Usiku ule tulichukua daftari la shule, tukapiga mstari katikati, tukaandika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni, na sisi tulioisoma tangu utotoni hatukuwa tumewahi kuandika deni letu hata moja. Taasisi ya kwanza, 210,000. Ya pili, 180,000. Simu, 64,000. Duka la jirani, 47,000. Mchezo wa kupeana tulioruka, 60,000. Ahadi za michango ya harusi, 90,000. Tulijumlisha mara mbili: 651,000. Mkopo wa benki tuliuweka ukurasa wake, kwa kuwa huo ulikuwa ukijikata wenyewe. Upande wa pili wa mstari tuliandika tunachodai: sare, 138,000, mdogo, 2,100,000.

Laki sita na nusu si fedha ndogo kwa watu wa hali yetu, wala hatutaki kumdanganya mtu kwamba ilikuwa nyepesi. Lakini kila mmoja wetu, katika usiku wake wa peke yake, alikuwa amekwisha kuliona deni hilo kama mamilioni yasiyo na mwisho. Mke alisema alikuwa akilifikiria kama mto uliofurika, huoni ng'ambo. Usiku ule alilala mpaka adhana ya Alfajiri, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Ramadhani.

Kesho yake baada ya swala ya Ijumaa tulimwendea imamu wa mtaa wetu, kwa kuwa aibu ile ya riba ilikuwa bado imekaa kifuani. Hakutuhutubia. Alisema toba yenu ianze kwa kutolipa riba ya zamani kwa riba mpya, na akatukumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake kutokana na hamu na huzuni, na katika dua hiyo hiyo akataja uzito wa deni. Mzee huyu hakusoma saikolojia, lakini aliyaweka mambo hayo mawili pamoja kama yalivyowekwa.

Mbuzi watatu wa mume waliuzwa mnadani Handeni kwa shilingi 260,000. Simu ikalipwa, programu ikafutwa, na taasisi ya pili ikamalizwa. Laiti tungalijua mapema, kabla ya kuikaribia programu yoyote tungeuliza kama ina leseni. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 nayo inamtaka kila mkopeshaji wa aina hii awe na kibali. Iko pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ina vikao vingi na subira ndefu, na huenda ndiyo sababu watu huikimbilia ile ya siku moja.

Kwa ile taasisi ya kwanza tulikwenda wote wawili, kwa miguu yetu, Jumatano, kabla hawajatufuata. Afisa mikopo aliyekuwa akimtisha mke kwa mwaka mzima tulimkuta kijana wa miaka ishirini na kitu, kola imechakaa, anakunywa soda kuwa ndiyo chakula chake cha mchana. Alishangaa kuona mdaiwa amekuja bila kuitwa. Baada ya mazungumzo alikubali kupeleka kwa mkubwa wake ombi la 15,000 kwa juma, na likapita. Alipotusindikiza mlangoni alituambia kwamba marejesho yasipofika kiwango, hukatwa katika mshahara wake, na kwamba yeye Alhamisi huanza kuumwa tumbo tangu Jumatano. Hatukujua la kumjibu. Mke alimwambia ajaribu maji ya ukwaju.

Lililokuwa gumu kuliko fedha ni mdogo wetu na harusi.

Mdogo tulimwita mbele ya mama. Alianza kwa kusema matengenezo, mafuta, faini, mvua; yote yakiwa kweli. Mama akamwachia mpaka akamaliza, kisha akamwuliza, "Mwanangu, wewe unalala?" Akasema analala. "Kaka yako halali." Akanyamaza. Tangu siku ile huleta 10,000 kila Ijumaa, na juma asilokuwa nayo huja mwenyewe kusema hana. Kwa mwendo huo atachukua miaka minne kumaliza. Lakini mume anasema kilichokuwa kikimwamsha saa nane usiku si ile fedha, ni ile hali ya kuiona namba ya simu ya mdogo wake na kuamua kutopokea.

Ama michango ya harusi, hapa tutakuwa wakali kidogo. Katika mwezi mmoja tulikuwa na kadi nne. Kadi huja na kiwango chake, cha mtu mmoja na cha wawili, na ahadi yako hutangazwa katika kundi la WhatsApp kwa jina, na asubuhi katibu huweka orodha na alama mbele ya waliolipa. Mtume (s.a.w.) alihimiza walima hata kwa mbuzi mmoja, sisi tumezifanya walima zetu ziwe na kamati, na kamati ziwe na madeni. Tulizirudisha kadi zote nne kwa adabu, tukisema fedha hatuna, mikono tunayo: mke atashona bila malipo nguo za watoto wa maharusi, na mume atakuja kuandaa viti na kubeba maji. Familia tatu zilipokea vizuri, na moja iliyafurahia mapazia aliyoshona mke kuliko ambavyo ingeifurahia elfu thelathini. Ya nne haijatusalimia mpaka leo.

Mama ndiye aliyetufungua macho katika jambo la maneno. Alizaliwa Handeni zamani ambapo maji yalikuwa safari ya usiku. Wanawake walitoka saa nane wakakaa foleni kisimani wakingoja maji yajikusanye, kata kwa kata. Anasema foleni ile ilikuwa adha, ilizeesha migongo, na ndoa nyingine zilivunjika kwa sababu yake. Lakini palipokuwa na foleni, anasema, hapakuwa na mwanamke aliyebaki na jambo lake kifuani mpaka asubuhi. Lilisemwa gizani, wengine wakaitikia, mmoja akatoa dawa, mwingine akatoa unga. Miaka ya 1970 yalilazwa mabomba makubwa kupeleka maji Handeni kutoka bonde la Mto Pangani upande wa Korogwe, na siku hizi palipokosekana bomba hupita kijana na madumu juu ya pikipiki. Hatumwombi yeyote arudi kisimani. Tunasema tu kwamba maji yalipoletwa mlangoni, foleni iliondoka na mazungumzo yake, na hakuna aliyeona kwamba kuna kitu cha kurudishiwa.

Mke amerudi darsani. Siku ya kwanza aliomba dakika tano, akasimama, akasema yote, pamoja na jina la mkopo. Anasema alitazama chini akingoja minong'ono. Alipoinua macho, akina mama wanne walikuwa wanalia, na kumbe wawili kati yao Alhamisi yao ilikuwa Jumanne. Sasa wapo mafundi na wauza genge sita ambao huweka 2,000 kila Jumamosi katika kisanduku chenye kufuli mbili, na wameandika barua ya kikundi kwenda halmashauri. Majibu hayajaja.

Kuna jambo jingine alilolisema mama, lililotufanya tuione ile kadi ya marejesho kwa jicho jipya. Baba yake aliwahi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya huku Korogwe, enzi za kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye vyumba 30, kimoja kwa kila siku ya kazi. Usipomaliza kazi uliyopimiwa siku hiyo hutiwi alama, na usipojaza vyumba vyote huoni mshahara. Anakumbuka baba yake akiitoa kadi usiku chini ya mto na kuhesabu kwa kidole, tena na tena, ingawa hesabu haikuweza kubadilika usiku. Mke alipomsikia, alikwenda chini ya mto wake mwenyewe, akaitoa kadi yake ya marejesho, akaipigilia msumari ukutani kando ya saa, ambako kila mtu anaiona na hakuna anayeihesabu gizani.

Hatutaki msomaji adhani kwamba kila mzigo wa moyo huondoka kwa daftari na maongezi. Juu katika milima ya Usambara, ndani ya wilaya hii ya Korogwe, ipo hospitali ya Lutindi. Ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuka kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, miongoni mwa hospitali za kwanza za aina hiyo katika Afrika Mashariki. Utotoni tulitishwa kwa jina hilo. Miaka michache iliyopita jirani yetu mmoja, Mwislamu mwenzetu, alipelekwa huko na nduguze baada ya kuacha kula, kuacha kulala, na kuanza kusema kwamba watoto wake wangekuwa salama zaidi yeye asipokuwepo. Kabla ya hapo alikuwa amesomewa visomo vingi, na tunamshukuru aliyemsomea wa mwisho, kwa sababu ndiye aliyewaambia nduguze: mimi nitaendelea kumwombea, nanyi mpelekeni hospitali. Alirudi. Anauza machungwa. Anasema kule wagonjwa walifanya kazi za mikono na bustani, na kwamba kumwagilia mche wa kabichi ambao haumdai chochote kulimsaidia sawa na vidonge. Basi mwenzako akifika pale pa kusema kwamba dunia ni bora bila yeye, hapo pamepita mahali pa nasaha za mkekani. Asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na afikishwe kwa mganga wa hospitali asubuhi.

Kwa upande wetu mabadiliko ni ya kawaida sana, na baadhi hatujayashika vizuri. Simu zote hulala sebuleni kuanzia Isha. Mume amekwisha kukamatwa mara mbili akiifuata kwa kunyata. Amerudia usingizi mfupi wa mchana, qailula, siku za mwisho wa juma, na dawa za shinikizo anazimeza kila siku, hata siku anazojisikia mzima, baada ya muuguzi yule yule kumweleza kwamba siku za kujisikia mzima ndizo zinazowadanganya wengi. Kipimo cha mwisho kilikuwa 142 kwa 90. Jumapili hatuandikishani mahitaji ya juma mlangoni gari likipiga honi, kama tulivyozoea. Tunayaandika Jumamosi, tukiwa tumekaa. Ombi la uhamisho wa mwalimu kuja Korogwe liko mahali linapokuwa maombi ya uhamisho.

Deni la taasisi limebaki majuma matano. Alhamisi iliyopita, ambayo mume alikuwa nyumbani kwa likizo, pikipiki ilipunguza mwendo mbele ya baraza yetu kiasi cha saa tano. Tulikuwa tumekwisha kulipa tangu Jumatano. Mguu wa mke uliacha kukanyaga cherehani. Aliteremka mtu mwenye mfuko wa nailoni, akatoa salamu, akauliza kama hapa ndipo wanaposhona kanzu za watoto. Mke alimjibu salamu yake, akamwomba akae, na ilipita muda kidogo kabla mguu wake haujarudi kazini.